Artturi Virtanen, mkemia wa Finland aliyepata Tuzo ya Nobel kwa ajili ya majani ya ng'ombe

Tarehe 10 Desemba 1945, miezi michache baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kumalizika, mji wa Stockholm uliandaa tena sherehe ya kutoa Tuzo za Nobel, sherehe ambayo vita vilikuwa vimeisimamisha. Miongoni mwa waliotunukiwa mwaka huo walikuwamo Alexander Fleming, Howard Florey na Ernst Chain, ambao kazi yao juu ya penisilini ilikuwa tayari imeokoa maisha ya majeruhi wengi. Alikuwamo pia mshairi Gabriela Mistral wa Chile. Tuzo ya kemia ilikwenda kwa mtu wa nchi jirani ya Finland, Artturi Ilmari Virtanen, kwa kazi ambayo mtu wa mjini angeweza kuidhania ndogo: alikuwa amegundua namna ya kuyahifadhi majani mabichi ya ng'ombe yasiharibike.

Kwa Wafini haikuwa kazi ndogo hata kidogo. Nchi yao ilikuwa imetoka vitani mwaka mmoja tu uliotangulia ikiwa imepoteza sehemu ya ardhi yake. Ilikuwa ikiilipa Urusi ya Kisovieti fidia ya vita kwa bidhaa zenye thamani ya dola milioni 300, huku zaidi ya watu 400,000 waliohamishwa kutoka maeneo yaliyopotea wakitafutiwa makazi na mashamba. Chakula kilikuwa cha mgao. Katika hali hiyo, mtu aliyeweza kuongeza maziwa bila kununua chakula cha mifugo kutoka nje alikuwa amelihudumia taifa zima.

Mwana wa dereva wa treni

Virtanen alizaliwa Helsinki tarehe 15 Januari 1895, wakati Finland ilikuwa bado utawala mdogo ndani ya himaya ya Urusi. Baba yake alikuwa dereva wa garimoshi. Kijana huyo alisomea Viipuri, mji wa mashariki ambao baadaye ungechukuliwa na Wasovieti na ambao leo uko ndani ya Urusi. Kisha alijiunga na Chuo Kikuu cha Helsinki kusoma kemia pamoja na sayansi ya viumbe.

Miaka yake ya ujana iliangukia katika kipindi cha misukosuko. Mnamo Desemba 1917 Finland ilijitangazia uhuru, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata ikatumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nafaka iliyokuwa ikiagizwa kutoka Urusi ilikoma kuja baada ya mapinduzi, na njaa ikabisha hodi. Wazee wa wakati huo walikuwa bado wanaikumbuka njaa kubwa ya miaka ya 1866 hadi 1868, iliyoangamiza takribani asilimia 8 ya watu wa nchi hiyo. Kizazi cha Virtanen kilikua kikijua kwamba katika nchi ya kaskazini, baridi kali ya wiki moja au kufungwa kwa mpaka kunaweza kugeuka kuwa kifo.

Alipomaliza masomo ya shahada ya uzamivu, Virtanen hakuridhika na alichokijua. Mwaka 1920 alimwoa Lilja Moisio, mtaalamu wa mimea, na katika miaka iliyofuata alikwenda kujiendeleza nje ya nchi. Uswisi alisoma kemia ya kifizikia, na huko Stockholm alijifunza elimu ya bakteria. Baadaye alirudi Stockholm kufanya kazi na Hans von Euler-Chelpin, bingwa wa vimeng'enya ambaye mwenyewe angepata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Elimu hizo tatu ndizo zilizokuja kukutana ndani ya ghala la majani.

Siagi kwanza

Kazi yake ya kudumu aliipata katika Valio, ushirika mkubwa wa wafugaji wa maziwa ulioanzishwa mwaka 1905 ili kuuza siagi ya Finland nchi za nje. Kufikia mwaka 1921 Virtanen alikuwa mkuu wa maabara ya ushirika huo. Kwa hiyo, tangu mwanzo, maswali aliyopewa yalitoka kwa wakulima na viwanda vyao: kwa nini jibini hili limevimba na kupasuka, kwa nini siagi hii imeharibika ladha kabla ya kumfikia mnunuzi.

Tatizo la siagi lilikuwa la uchachu. Siagi iliyotengenezwa kwa malai yaliyochachushwa ilikuwa na asidi, na asidi hiyo ilisababisha mafuta yaharibike wakati wa safari ndefu na kuhifadhiwa ghalani. Virtanen alitumia chumvi za fosfati kuupunguza uchachu huo, na siagi ikaweza kukaa muda mrefu zaidi. Chumvi hiyo ilipewa jina la AIV, herufi za kwanza za majina yake matatu. Herufi hizo hizo zingejulikana katika kila kijiji cha Finland kwa sababu nyingine.

Katika suala la siagi, dawa ilikuwa kupunguza asidi. Katika suala la majani, dawa ikawa kuiongeza. Mambo hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini yanatoka katika wazo moja: kila kinachooza huoza kwa kasi inayotegemea kiwango cha asidi, na anayeweza kukipima kiwango hicho na kukiongoza anaweza kuuongoza uozo wenyewe.

Kwa nini majani huoza

Ng'ombe wa Finland hukaa malishoni miezi michache ya majira ya joto. Kwa miezi saba au minane huishi zizini na kula kilichowekwa akiba. Kwa karne nyingi akiba hiyo ilikuwa majani makavu. Lakini majira ya joto ya kaskazini yana mvua, na majani yaliyokatwa yakinyeshewa kabla ya kukauka hupoteza sehemu ya ubora wake au huota ukungu. Hata yakikauka vizuri, sehemu ya protini na vitamini huwa imekwisha kupotea. Matokeo yake yalionekana kila mwaka: maziwa yalipungua wakati wa baridi, na siagi iliyopatikana ilikuwa nyeupe na hafifu. Mfugaji aliyetaka maziwa zaidi alilazimika kununua mashudu ya mbegu za mafuta yaliyotoka ng'ambo.

Njia nyingine, iliyojulikana Ulaya kabla ya Virtanen, ilikuwa kuyavundika majani mabichi, yaani kutengeneza silaji. Majani hukatwa, hushindiliwa ndani ya shimo au mnara, hufunikwa ili hewa isiingie, kisha huachwa yachachuke yenyewe. Mambo yakienda vizuri, bakteria wa maziwa hula sukari iliyomo katika majani na kutoa asidi ya laktiki, ile ile inayopatikana katika mtindi. Asidi ikifika kiwango cha kutosha, bakteria wengine hushindwa kuishi na majani hubaki salama.

Mara nyingi mambo hayakwenda vizuri. Jani lililokatwa halifi papo hapo. Chembechembe zake huendelea kupumua, hula sukari yao wenyewe na kutoa joto, na vimeng'enya vyake huanza kuzivunjavunja protini. Wakati huohuo makundi ya bakteria hushindana. Asidi ikichelewa kupatikana, bakteria wa asidi ya butiriki hushika hatamu. Hao huila asidi ya laktiki iliyokwisha kutengenezwa, huzigeuza protini kuwa amonia, na huyaacha majani yakinuka vibaya. Hasara haiishii hapo. Vijidudu vyao vilivyolala hupita tumboni mwa ng'ombe, hutoka na kinyesi, huingia katika maziwa kutoka kwenye chuchu zisizosafishwa vyema, na wiki nyingi baadaye hulifanya jibini livimbe na kupasuka. Mtu wa maabara ya jibini alikuwa na sababu ya kutazama hadi ndani ya shimo la majani.

Kulikuwa na ugumu mmoja uliowakatisha wengi tamaa. Majani bora kuliko yote, kama vile klova na mimea mingine ya jamii ya mikunde, ndiyo magumu zaidi kuvundika. Yana protini nyingi na sukari kidogo, na protini na madini yake huizuia asidi isipande haraka. Kwa hiyo mfugaji aliyelima malisho bora alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuyapoteza.

Kutangulia uozo

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920 Virtanen alilishughulikia swali hili kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kupima. Wengine kabla yake walikuwa wamejaribu kuyamwagia majani asidi, lakini bila kujua ni kiasi gani kinahitajika na kwa nini. Yeye alianza kwa kutafuta mpaka. Aliona kwamba kiwango cha asidi kikishuka chini ya 4 katika kipimo cha pH, upumuaji wa majani hukoma, uvunjwaji wa protini hupungua sana, na bakteria waharibifu hawawezi kuzaana. Aliona vilevile kwamba si vyema kushuka chini ya 3, kwa maana chakula kingekuwa kikali mno kwa mnyama. Kati ya namba hizo mbili ndipo palipokuwa na nafasi ya kufanyia kazi.

Baada ya hapo njia ilikuwa dhahiri. Badala ya kungoja bakteria watengeneze asidi polepole, majani yapewe asidi siku ileile yanapokatwa. Virtanen alitumia mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na asidi ya sulfuriki, uliozimuliwa kwa maji mengi. Majani yalitandazwa ghalani tabaka kwa tabaka, kila tabaka likanyunyiziwa kipimo chake, likakanyagwa na kushindiliwa, na mwishowe rundo lote likafunikwa na kukandamizwa kwa uzito. Kiasi cha asidi kilitegemea aina ya mmea: klova ilihitaji zaidi kuliko nyasi za kawaida.

Aliyefungua ghala hilo katikati ya majira ya baridi alikuta majani yaliyobaki na sehemu kubwa ya protini yake, pamoja na karotini, ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Siagi ya baridi ilirudia rangi yake ya manjano. Kwa familia zilizotegemea maziwa wakati wa baridi, wakati mboga mbichi zilikuwa adimu, rangi hiyo ilikuwa na maana kwa afya ya watoto.

Shaka za wafugaji

Njia hiyo haikupokelewa bila maswali. Mfugaji mwenye busara alikuwa na haki ya kuuliza kama asidi inayoweza kuunguza ngozi ya mkono inafaa kuingia tumboni mwa ng'ombe wake, na kisha katika maziwa ya watoto wake. Virtanen na wenzake walilazimika kuonyesha, kwa kulisha mifugo na kuipima, kwamba asidi iliyozimuliwa kwa kipimo sahihi haiwadhuru wanyama wala kuyaharibu maziwa. Pia wafugaji walishauriwa kuwapa ng'ombe chokaa au magadi kidogo ili kusawazisha asidi mwilini.

Ugumu wa kazi yenyewe ulikuwa wa kweli. Asidi ilifika mashambani katika chupa kubwa za kioo zilizohitaji kubebwa kwa uangalifu. Tone lililoanguka lilitoboa nguo, vyombo vya chuma viliharibika, na kuta za maghala zililiwa kidogo kidogo. Hata hivyo, faida ilikuwa kubwa kiasi kwamba minara ya AIV ilianza kuonekana kando ya mazizi sehemu nyingi za Finland. Katika miaka ya 1930 njia hiyo ilivuka mipaka na kutumika Sweden na nchi nyingine kadhaa.

Ushirika wa wafugaji ulikuwa na nafasi yake katika mafanikio hayo. Ugunduzi wa maabara haukuhitaji kutafuta njia ya kumfikia mkulima, kwa kuwa maabara ilikuwa mali ya wakulima wenyewe kupitia Valio. Mwaka 1931 Virtanen alipata taasisi ya utafiti wa baiokemia mjini Helsinki, aliyoiongoza kwa miongo mingi, na mwaka huohuo akawa profesa wa baiokemia katika Chuo Kikuu cha Teknolojia. Mwaka 1939 alihamia Chuo Kikuu cha Helsinki.

Nchi ijilishe yenyewe

Kwa Virtanen majani yaliyovundikwa yalikuwa sehemu ya mpango mpana zaidi. Alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mikunde wanavyoichukua naitrojeni ya hewani na kuipa mimea. Alionyesha umuhimu wa rangi nyekundu iliyomo ndani ya vinundu hivyo, inayofanana na ile ya damu, katika kazi hiyo ya kukamata naitrojeni.

Ukiyaweka mambo haya pamoja, shabaha yake inaonekana. Klova huchukua naitrojeni ya hewani bila gharama ya mbolea kutoka nje. Naitrojeni hiyo huwa protini ya majani. Asidi huihifadhi protini hiyo hadi baridi. Ng'ombe huigeuza kuwa maziwa, na mzunguko mzima hukamilika ndani ya shamba moja la Finland, bila meli hata moja kutia nanga. Vita vilipokuja mwaka 1939 na biashara ya nje kukatika, mpango huo haukuwa tena mada ya wasomi. Mashudu na mbolea kutoka ng'ambo vilikuwa haba, na kile kilichoota shambani ndicho kilichokuwa tegemeo.

Kwa hiyo tuzo ya mwaka 1945 ilitolewa kwa utafiti na uvumbuzi wake katika kemia ya kilimo na lishe, na hasa kwa njia yake ya kuhifadhi chakula cha mifugo. Katika mhadhara alioutoa Stockholm siku mbili baada ya kutunukiwa, Virtanen aliyaunganisha mambo yote mawili, naitrojeni ya mikunde na uhifadhi wa majani, na kuyahusisha na lishe ya binadamu. Hadi leo yeye ndiye Mfini pekee aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia.

Miaka ya mwisho

Heshima hazikumbadilisha sana. Virtanen alijulikana kwa maisha ya kawaida. Hakuvuta sigara wala kunywa pombe, na hakutaka kumiliki gari. Alikuwa na shamba Sipoo, karibu na Helsinki, ambako aliweza kuyajaribu mawazo yake. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1963 aliiongoza Akademia ya Finland, lakini utafiti hakuuacha.

Akiwa mzee alijiuliza swali ambalo wengi wangeliona la ajabu: je, ng'ombe anaweza kutoa maziwa bila kulishwa protini kabisa? Aliwalisha ng'ombe wake selulosi, wanga na sukari zilizosafishwa, na kama chanzo cha naitrojeni akawapa yurea na chumvi za amonia. Vijidudu vya tumboni viliitengeneza protini iliyohitajika, na baadhi ya ng'ombe hao walitoa zaidi ya kilo 4,000 za maziwa kwa mwaka. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1966, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Virtanen alifariki dunia Helsinki tarehe 11 Novemba 1973.

Kilichobaki

Asidi kali alizozitumia mwanzoni hazitawali tena mashambani. Tangu miaka ya 1960 nafasi yake ilianza kuchukuliwa na asidi ya fomiki, ambayo hupatikana pia katika sumu ya baadhi ya sisimizi. Nayo huunguza, na anayeitumia hulazimika kujikinga macho na mikono, lakini hunyunyiziwa na mashine wakati wa kuvuna. Wafugaji wengine huongeza bakteria wa maziwa waliooteshwa maabara, wengine vimeng'enya au molasi. Majani yenyewe mara nyingi huviringishwa katika plastiki, na marobota hayo meupe huonekana mashambani kote Sweden na Finland kila majira ya joto yanapoelekea kwisha.

Kanuni iliyo nyuma ya viongezeo vyote hivyo haijabadilika: asidi ipatikane mapema, kabla uozo haujaanza. Wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, wanapoyakatakata majani ya tembo, kuyanyunyizia molasi na kuyashindilia katika mifuko ya plastiki kusubiri kiangazi, wanaifuata kanuni hiyohiyo kwa mlango mwingine. Majani hayo yana sukari kidogo, na molasi huwapa bakteria wa maziwa chakula cha kuwawezesha kuwatangulia waharibifu. Huko adui ni ukame, na kaskazini adui ni theluji. Ng'ombe anahitaji kula katika majira yote mawili.

Huko angani kuna sayari ndogo yenye jina la Virtanen, na mwezini kuna kreta iliyopewa jina hilo. Lakini kwa wafugaji wa Finland kumbukumbu yake iko karibu zaidi. Herufi AIV bado huandikwa kwenye vyombo vya asidi inayonyunyiziwa majani mabichi, karibu karne moja baada ya mwana wa dereva wa treni kutafuta mpaka kati ya 3 na 4.